Nati Iliyofungwa kwa Vidole

Kwenye steji ya pikipiki ya Malaba, Akiteng anaitwa Fundi wa Kucha, naye anaitika. Kila nati anayoikaza anaiwekea tone jekundu la rangi ya kucha. Ukiliona tone, jua nati hiyo imepita kwenye spana yake. Usipoliona, usiwashe pikipiki. Mwanzoni waendeshaji walimcheka, wakamwuliza kama pikipiki zao zinaenda harusini. Siku hizi mtu akikosa tone hata kwenye nati ya kioo, anarudi kulalamika.

Mfuko wa kulia wa aproni yake una chupa ya rangi. Wa kushoto una nati moja kuukuu ambayo hajawahi kumfungia mteja yeyote, na hiyo ndiyo iliyomfanya fundi. Watu husema ufundi ni kipaji. Wa Akiteng ulianza na kinyongo, na hakuna haja ya kuupamba kwa jina lingine.

Miaka minne iliyopita alikuwa akiuza chapati hapo hapo stejini, na mumewe Morris alikuwa mwendeshaji nambari kumi na nne. Asubuhi moja Morris alimpelekea Willis, aliyekuwa fundi wa steji wakati huo, pikipiki ibadilishwe tairi la nyuma. Willis alilirudisha gurudumu, akaizungusha nati ya ekseli kwa vidole, kisha simu yake ikalia. Akaongea, akacheka, akamaliza, akakipiga kiti kofi. "Haya, bro, twende kazi." Akiteng aliyaona yote hayo akikanda unga, lakini kuona si kuelewa.

Kwenye mteremko wa kwenda Adungosi nati ikadondoka, ekseli ikachomoka na gurudumu likakaa upande. Morris akarushwa mtaroni. Hakuwa amebeba abiria, na katika mkasa mzima hilo tu ndilo Akiteng humshukuru Mungu kwalo. Goti la kulia la mumewe halikukunjika tena.

Goti angelisamehe, pengine. Lakini kabla damu haijakauka, Willis alikuwa ameshawaambia watu wa steji kwamba Morris alipitia kwa mama wa busaa, pombe ya kienyeji, kabla ya kupanda pikipiki. Morris! Mtu anayesoma karatasi ya dawa ya kikohozi mpaka mwisho akitafuta kama ina pombe! Sheria ya steji ni moja: aliyeanguka akiwa amelewa hatembelewi hospitalini, na koti lake la nambari linachukuliwa. Hakuna aliyekwenda kumwona. Ojiambo, mwenyekiti, alifika nyumbani mwenyewe, akaliondoa koti kwenye kamba ya nguo, akalikunja bila kumtazama Morris usoni. Tangu siku hiyo Morris akawa mtu wa shambani tu. Hata kanisani alihamia benchi la nyuma.

Akiteng aliutembea mteremko ule siku mbili, macho chini, mpaka akaiokota nati. Meno yake ya ndani yalikuwa mazima; haikukatika, ilifunguka tu. Aliipeleka stejini kwenye kiganja, akaiweka mbele ya Willis.

"Mama chapati," Willis akasema, "nati ni nati. Rudi kwa unga wako."

Watu wakaangua kicheko. Akiteng aliondoka na nati yake, na kicheko hicho akaondoka nacho pia.

Akaenda Busia kwa fundi mmoja mzee, Wanyama, akamwomba amfundishe kazi. Siku ya kwanza kabisa mzee alimwekea gurudumu mbele yake. "Mama, vidole vinaonyesha nati njia," akamwambia. "Spana ndiyo inafunga. Mtu akikukatiza hapo katikati, hata kama ni salamu, unaanza upya." Akiteng akalishika gurudumu. Aliikumbuka ile simu. Akaona tena vidole vya Willis, kile kicheko, lile kofi la kiti, na spana iliyobaki chini pale pale ilipokuwa. Siku hiyo alijua, na siku hiyo hiyo akajua kwamba neno la muuza chapati halitamshinda fundi. Akaamua kungoja. Malipo ni hapa hapa duniani, lakini wakati mwingine lazima mtu ayasogeze kidogo.

Aliporudi Malaba na sanduku la spana, Willis alikuwa ameacha ufundi. Alikuwa amepata kazi kwa wakala wa forodha, kupeleka makaratasi ya malori kati ya Busia na Malaba kwa pikipiki yake mwenyewe. Kila akipita mbele ya kibanda kipya cha ufundi cha Akiteng alipiga honi. "Shem, bado unapika?" Akiteng alimpungia mkono. Alimpungia hivyo mwaka mzima, huku akimhesabia arobaini zake.

Mganga hajigangi. Jumanne moja, mvua ikiwa imetoka kunyesha, pikipiki ya Willis ilianza kupukutika ikiwa barabarani. Kioo kilianguka kwanza, kisha kifuniko cha ubavuni, kisha madigadi. Waendeshaji walimfuata nyuma wakiokota, kama kuku nyuma ya gunia lililotoboka. Alipofika mbele ya kibanda cha Akiteng, ekzosi ilikuwa inaburuta chini ikipiga kelele, na watu wa steji wote wamesimama kutazama.

"Shem, nikazie hizi vitu haraka," Willis akasema. Makaratasi alikuwa ameyafumbata kifuani. "Dereva ako kwa foleni ananiwakia."

"Vitu gani, boss?"

"Kila kitu. Usiache hata moja."

Akiteng akapiga magoti. Akafunga kioo, madigadi na ekzosi, akapitia usukani na gurudumu la mbele. Alipofika kwenye nati ya ekseli ya nyuma aliikuta nayo imeanza kulegea, na mkono wake ukasimama. Alitaka kuiacha. Tusimsingizie utakatifu: alitaka sana. Aliuona mteremko wa Adungosi, akamwona Willis mtaroni akilia kama Morris alivyolia, na picha hiyo ikamburudisha. Kisha akashika spana akaikaza mpaka kifundo cha mkono kikamuuma, kwa sababu alikuwa fundi, na Willis hakuwahi kuwa. Ila hakupaka rangi. Hakuna nati iliyopata tone siku hiyo.

Akasimama, akajipangusa mikono.

"Boss, zote nimekaza na spana," akasema kwa sauti ya kuwafikia wote. "Moja tu nimefunga na vidole. Simu ililia."

Willis akacheka, halafu akaona amecheka peke yake.

"Gani?"

"Si ulisema nati ni nati? Tafuta." Akamtupia spana miguuni.

Nati zilikuwa zaidi ya ishirini. Ya gurudumu la mbele ilikuwa karibu kugusana na goti lake. Willis aliokota spana, akaipita hiyo, akaupita usukani, akazunguka mpaka nyuma, akapiga magoti kwenye tope na kuishika nati ya ekseli.

"Mbona umeanza na hiyo?" Akiteng akauliza.

Willis akaiachia nati. Ojiambo akasogea polepole, akasimama juu yake.

"Willis, si ulituambia Morris alikuwa amelewa?"

"Mwenyekiti, ile siku... Simu ilinishika kidogo. Nilisahau tu."

"Kidogo," Akiteng akasema. Akaitoa ile nati kuukuu, akamtumbukizia mfukoni mwa shati na kumfungia kifungo. "Ni yako hiyo. Nilikuwa nakuwekea."

Akaichukua spana yake. Willis aliitazama pikipiki, kisha akamtazama yeye, na sauti yake ikawa ndogo. "Shem, tafadhali. Hii ya nyuma umekaza ama hujakaza?"

Akiteng alitoa chupa ya rangi, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Sijui. Simu ililia."

Hakuna aliyejitolea kumbeba. Willis aliisukuma pikipiki yake kwa mikono, kando ya foleni ndefu ya malori, mataniboi, wasaidizi wa madereva, wakimpigia miluzi kutoka juu ya mizigo. Simu yake ikalia. Hakuipokea.

Jioni Ojiambo alifika nyumbani na koti nambari kumi na nne, na safari hii alimtazama Morris usoni, akaomba msamaha akiwa amesimama. Mwenyekiti alipoondoka, Morris alilishika koti muda mrefu. Akiteng alimsimulia yote.

"Ile ya nyuma," Morris akauliza, "ulikaza?"

"Nilikaza."

"Umemwambia?"

"Bado."

Morris aliinuka kwa mguu wake mmoja mzima, akalivaa koti, akalifunga mpaka shingoni.

"Usimwambie," akasema.