Mkwe wangu alizuia treni iliyobeba gauni la harusi yake, nikamgombeza kupitia beleshi

Wakuu, shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa. Marahaba.

Mimi ni bibi wa huku Lushoto. Shule niliishia la nne, herufi ikikaa vibaya pitilizeni. Ila uongo hamtaukuta hapa. Mkwe wangu Yohana naye yumo humu jukwaani, nikizidisha chumvi atanirukia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Mabasi ya watu binafsi yanamiminika, treni ya abiria inachechemea lakini bado ipo.

Binti yangu Nakijwa alikuwa anaolewa na huyo Yohana, mfanyakazi wa genge la kutengeneza reli pale Mombo. Ndoa Jumamosi, kanisani Lushoto. Wazazi wa Yohana wanakuja Ijumaa na treni kutoka Tanga, na gauni la bibi harusi wanalo wao.

Vuli ya mwaka ule haikuwa vuli. Mvua ilimwagika kama mtu kapasua pipa.

Ijumaa nikashuka Mombo kuwapokea. Nafika stesheni naambiwa treni imezuiwa Korogwe.

Nani kaizuia? Yohana! Kaona maji yamejaa kwenye kalavati, lile daraja dogo la kupitishia maji chini ya reli, kapiga simu ya stesheni, kasema isije.

Nikamfuata pale pale stesheni, damu inanichemka.

Lakini ngoja niwaeleze, vijana. Kwetu siku zile mama mkwe na mkwe hawasemezani uso kwa uso. Ni aibu. Ukiwa na neno unalipitishia kwa mtu. Na pale mtu hakuwepo, wote wamekimbia mvua.

Kulikuwa na beleshi lake tu, kaliegemeza ukutani. Nikaligeukia.

"Wewe beleshi! Muulize bwana wako, mwanangu aolewe amevaa shuka?"

Yohana kainamisha kichwa. "Beleshi, mwambie mama treni haipiti. Mama yangu mimi yumo humo."

"Beleshi, muulize, kalavati limebomoka?"

"Mwambie bado."

"Sasa bado nini! Beleshi, bwana wako mwoga!"

"Mwambie mama, mwoga ameshapanga gari."

"Beleshi, gari gani?"

Kumbe hali ilipoanza tu kuharibika, alishakubaliana na watu wa stesheni ya Korogwe na dereva wa lori la kabichi linalorudi tupu. Treni ikikwama, abiria wa Mombo wapakiwe. Si wakwe peke yao, abiria wote.

Jioni lori likaingia. Mama yake Yohana yuko juu ya magunia matupu anacheka, gauni kalikumbatia ndani ya nailoni kama mtoto mchanga.

Nikamtazama Yohana machoni, bila beleshi. "Mwanangu, ahsante."

Akalia, jitu zima lile.

Nakijwa alifunga ndoa Jumamosi ile ile, ananukia kabichi mpaka madhabahuni.

Na kalavati halikubomoka, wakuu. Maji yalipopungua reli ikakaguliwa, treni ikapita polepole. Watu wakamcheka Yohana eti kaogopa matope. Niliwafunga mdomo mimi: "Mngewapitisha mama zenu basi, maji yakiwa yamejaa!"

Leo binti yao, mjukuu wangu, yuko kwenye kazi ya kupanga treni za abiria kwa hizi mvua zilizochanganyikiwa, wenyewe wanaita mabadiliko ya tabianchi. Najivuna, na sitaomba radhi.

Juzi ananiambia, "Bibi, madaraja tunayaimarisha. Lakini lazima tupange na ya abiria: treni ikisimama ataambiwa na nani, atajisitiri wapi, atabebwa na nini."

Nikamwambia, hiyo damu ya baba yako.

Nilichojifunza: treni kusimama si aibu. Aibu ni kumwacha mtu na mizigo yake kwenye mvua, hajui aende wapi.

Haya, mliowahi kukwama na treni zile, mwageni yenu hapo chini. Nani aliwabeba? Nasoma yote, hata ya wabishi.

Beleshi lile ninalo, liko nyuma ya mlango.

Yohana, nakuona unasoma. Usijibu hapa. Njoo uliambie beleshi.