Kakule Aliyekuwa Shambani

Philippe aliwaelekeza wauaji kwa mume wangu, na mimi ndiye ninayeitwa msaliti. Nimelinyamazia jambo hili miaka kumi na miwili.

Mume wangu aliitwa Kakule Kosmasi, mkulima wa kahawa hapa Bwera, mpakani. Kwetu mtoto wa kiume wa nne huitwa Kakule, kwa hiyo ukiliita jina hilo sokoni wanageuka watu ishirini. Philippe, mtoto wa mama yangu mdogo, naye ni Kakule. Chama cha wakulima kiliposhinda uchaguzi ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni, kiliunda serikali ya jimbo, naye akawa waziri wa kilimo.

Kosmasi alikuwa akimtania. "Waziri, jembe umelishika lini mara ya mwisho?"

"Shemeji, mimi ninalima kwa kalamu."

Mwaka 1964 waasi waliuteka mji wa Beni na kuanza kuwasaka mawaziri wote. Philippe alivuka mto Lubiriha, ulio mpakani, kwa miguu, akatufikia na suti iliyojaa matope. Kosmasi akampa shati lake la shambani. Kwa wiki tatu Philippe hakwenda chooni bila kuchungulia mlangoni kwanza. Nami, mbwa wa jirani akibweka tu, uji ulinimwagikia mikononi.

Siku ya soko, asubuhi, wanaume watatu waliingia uani wamevaa makoti marefu kwenye jua kali.

"Jambo, mama. Kakule iko wapi? Ile waziri ya wakulima."

Philippe alikuwa ameketi karibu na jiko akipukuchua mahindi. Hakuinua uso alipojibu.

"Kakule iko kule juu, kwa shamba ya kahawa. Mutaona mutu murefu."

Mkubwa wao akanitazama. "Ni kweli, mama?"

Mtoto alikuwa mgongoni mwangu. Ningekataa, wangemuua Philippe pale pale, na labda sisi sote. Nikanyamaza.

"Basi tuonyeshe njia."

Nilitangulia, majirani wakiniangalia. Niliomba Kosmasi awe amekwenda mtoni. Tulipofika kwenye migomba, mkubwa wao akasema, "Rudi, na usigeuke." Nyuma yangu nikasikia wakiita, na Kosmasi akiitikia kwa furaha, kama mtu anayeitwa kula.

Walimvusha mpaka. Mwili wake hatukuupata.

Nuwa, kaka yake mkubwa, aliniambia mbele ya watu, "Ulimficha ndugu yako, ukamtoa wetu." Ukoo ulikataa kuweka matanga. Wanangu hawaitwi kwenye kikao chochote cha baba zao.

Philippe sasa anaishi Kasese, anauza mchele wa Mubuku, na watu bado humwita Waziri. Mwaka jana nilimwendea.

"Dada, mambo hayo yamekwisha," alinong'ona, akifunga mlango wa duka. "Ukiyaamsha, wanajeshi watauliza mimi ni nani na nilivuka kutoka wapi. Watakuuliza na wewe."

Nje lori la jeshi lilikuwa limesimama. Niliogopa tena, nikarudi nyumbani.

Kunyamaza kwangu ni kosa langu, na ninalibeba. Lakini maneno yale yalitoka kinywani mwake. Philippe bado ana deni la kuja Bwera, kusimama mbele ya Nuwa na ukoo wote, na kusema kwamba ni yeye aliyewaelekeza, ili Kosmasi awekewe matanga na wanangu wapokelewe kwa baba yao. Hajaja.