Mabati ya Mwalimu Zawadi

Usiku ule nililala mapema, mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani, na wala sikuwa nimemfikiria marehemu Mwalimu Zawadi. Tangu tumzike nilikuwa nimejizoeza kutomfikiria.

Nikajikuta darasani kwake, darasa la nne, nimekaa kwenye dawati na mwili wangu huu wa utu uzima, magoti yamebanwa. Mwalimu yuko mbele anasahihisha madaftari, amevaa gauni la kijani nililomshonea mwenyewe. Nikasimama, nikamwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Hata kichwa hakuinua. Na mimi najua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni, kwamba siwezi kukaa mpaka aitikie.

Basi nimesimama tu, na darasa limeshakuwa ukumbi wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Ni kile kikao. Mwaka ule nilikopa nikanunua vitambaa vya bluu vya sare za shule, shule ikabadilisha rangi, nikabaki navyo ndani vinaliwa na panya. Mwalimu ndiye aliyekuwa mdhamini wangu. Miezi ikapita sijalipa hata shilingi. Sasa mwekahazina anasoma daftari: deni la Tausi limefutwa. Wanawake wanapiga vigelegele, nami nacheza mpaka kilemba kinadondoka.

Ndivyo ilivyokuwa kweli. Nilicheza, nikaagiza na soda. Sikuuliza limefutwa kwa fedha ya nani. Kila mwanakikundi anajua kwamba mkopaji akishindwa, inakatwa akiba ya mdhamini wake. Wahenga wanasema kuuliza si ujinga, na kutouliza kwangu nako hakukuwa ujinga. Kulikuwa ujanja, na nauonea aibu hadi leo.

Mwalimu yuko kwenye benchi la nyuma, anapiga makofi pamoja na wenzake. Kisha anainuka, anatoka, namfuata. Tunaingia nyumbani kwake, kwenye vile vyumba viwili vya uani alivyovijenga kidogo kidogo kwa pensheni. Kuta zimekamilika, mbao za paa zimepigwa, mabati hakuna, ni turubai bovu tu lililotandazwa juu. Alikuwa akiniambia kwamba fedha ya mabati iko kikundini, inasubiri kiangazi. Baadaye akaacha kuyataja, nami nikajisemea kwamba wazee hubadili mawazo.

Mvua inanyesha ndani ya chumba. Mwalimu anasogeza beseni huku, anasogeza sufuria kule. Nataka kumsaidia, mikono hainyanyuki.

Mara uani wamejaa waombolezaji. Ni siku ya mazishi yake, na yeye mwenyewe yuko kando yangu, analowa. Mjomba wake amesimama kutangaza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu aione familia, na anayedaiwa na marehemu pia ajitokeze. Siku ile niliinama nikatazama viatu vyangu mpaka wimbo ukaanza. Ndotoni navitazama tena, na Mwalimu naye anavitazama.

"Mwalimu, nisamehe," nikasema.

"Nilikusamehe palepale kikaoni, mwanangu. Mimi sikudai." Akakamua pindo la gauni, maji yakamwagika miguuni pangu. "Lakini Rehema analala humu."

Nikamwamkia tena, nikimsihi walau aitikie. Akageuka kutafuta sufuria nyingine.

Nikaamka. Kumeanza kupambazuka na mvua inapiga juu ya mabati yangu, mabati mazima, hakuna tone linalopita. Nililia. Rehema ni binti yake wa pekee, na tangu msiba sikuwahi kumuuliza hata anaishije. Nikatazama cherehani yangu ya pili, ile ninayoikodisha, nikajua leo inatafutiwa mnunuzi. Nikachukua simu nikampigia Rehema.

Alipokea haraka, kama mtu aliyekuwa macho. Nyuma yake nilisikia maji yakidondokea kwenye kitu cha bati, tone baada ya tone.

"Shikamoo, dada Tausi," akasema.

Nikafungua mdomo niitikie, marahaba ikagoma kutoka. Nikamwambia asubiri kwanza, kuna kitu cha mama yake ninacho mimi.