Hakuna Jina, Hakuna Barua

Jirani yangu Lovina Thrall alikuwa fundi wa mambo mawili: pai za tufaha na kukataa. Mumewe, Asahel, alikwenda vitani kutoka kijiji chetu hiki cha Vermont, Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini. Kilichorudi ni kisanduku cha bati chenye barua zake, cheti cha jeshi na kitana. Mwili ulibaki Virginia.

Miaka ishirini baadaye kijiji kikaamua kusimamisha mnara wa mashujaa. Wanawake ndio tuliooka, tukashona na kuuza mpaka jiwe likapatikana. Majina wakayapanga wanaume. Kapteni Peck, aliyewaongoza vijana wetu, akaja kwa Lovina kofia mkononi, akiomba barua azisome siku ya uzinduzi.

"Jina la mume wangu limo?"

Kapteni akakohoa. "Bi Lovina, tumeweka waliouawa na risasi tu. Asahel alikufa kwa... kuhara."

"Kumbe alipokwenda vitani tumbo aliliacha jikoni kwangu?"

"Jiwe lile ni la heshima, mama."

"Hakuna jina, hakuna barua."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

"Basi nitachechemea. Pita salama, Kapteni."

Nilikuwepo, nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Siku ya kupamba makaburi ya askari, ambayo ndiyo ilikuwa ya uzinduzi, ilipofika zamu ya wanawake kuweka maua mnarani, Lovina akasimama mbele ya watu wote, akafungua barua moja na kusoma: "Leo tumemzika Hosea. Kapteni anasema kafa kwa ugonjwa, si kwa vita. Mke wangu, maji haya waliyokojolea farasi, tumeyanywa kwa amri ya nani?"

Kapteni akatazama viatu vyake. Lovina akabeba kikapu chake, maua yote ndani, akaondoka. Mama yake Hosea, ambaye jina la mwanawe nalo halikuwemo, akamfuata. Nami nikafuata, na wenzetu wote nyuma. Mnara ukabaki bila hata ua moja, na wapiga tarumbeta hawajui wapige nini.

Kabla ya theluji, fundi mawe aliitwa tena. Waliokufa kwa kuhara na homa akawachonga upande wa kaskazini, kusikofika jua, ambako jiwe huota ukungu. Masika yalipofika tulikwenda na ndoo na brashi ya sakafu. Kapteni akatukuta hapo.

"Jina si hilo, Bi Lovina? Sasa nipe barua."

"Ya kusomwa imeshasomwa," akasema, akaendelea kusugua.