Sura za Cimpunda Ziko Ndani ya Disque Inayogonga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umeme unarudi mtaani Cimpunda. Mashine ya kusaga ya jirani inaanza kunguruma, redio zinaropoka, na ndani ya kibanda cha Marcelline kompyuta inajiwasha yenyewe. Inalia tin. Halafu inakuja ile sauti ingine: tak. Kimya. Tak, tak.

Marcelline amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, anasikiliza kama mama anayesikia mtoto akikohoa chumba cha pili. Button ya kuwashia! Jana jioni ameisahau tena ikiwa wazi.

Miaka kumi na moja anapiga picha za pasipoti na kuandika barua za watu. Picha nne ni franka elfu mbili, siku nzuri wateja wanafika kumi na tano. Na hajawahi kufuta hata sura moja. Zote zimelala ndani ya disque, kile kisanduku kidogo kinachotunza kila kitu cha kompyuta. Nyumba za huku zimebanana, moto ukishika moja unakula tano. Waliounguliwa nyumba wanakuja kwake kuomba sura zao.

Sasa disque inakufa. Jana Chrispin, fundi wake, aliisikiliza, akakunja uso.

“Maman Marce, hii machine unaiwashaka namna gani?”

“Mi siiwashi. Naacha button wazi. Courant ikirudi, inaniita.”

“Kumbe ni wewe uko unaiua.”

Wengine wanaacha balbu wazi ili wajue umeme umerudi. Yeye aliacha kompyuta. Mara nne, tano kwa siku umeme unakatika disque ikiwa mbioni, unarudi kwa kishindo, nayo inaruka.

Chrispin alimkataza kuiwasha mpaka Alhamisi, atakapoleta disque mpya ya dola arobaini. Hapo wataiwasha mara moja tu na kukopi kitakachokubali kutoka. Marcelline aliitika. Jioni, akifunga kibanda, kidole kikafuata mazoea, kikaacha button wazi.

Anakimbilia waya. Tayari ameushika aung'oe, ndipo kivuli kinaingia mlangoni. Ni Papa Apollinaire, fundi viatu, kofia kifuani.

“Maman, nimekuya kwa picha ya Agnès.”

Agnès, mke wake, alikufa Jumapili. Anazikwa leo saa nane. Nyumba yao iliungua mwaka juzi, haikubaki hata picha ya harusi.

“Pole sana, Papa. Lakini machine iko inakufa. Nikiigusa, tunaweza kupoteza ya batu bote.”

“Niko nasikia.” Anakaa kwenye benchi. Hasukumi. “Seremala aliacha nafasi ya picha mu musalaba. Iko wazi tu.”

Tak, tak.

“Na wewe unajua,” anaongeza mzee, “Agnès alisema ulimuharibia pua.”

“Alinirudishia picha mara tatu kwa ile pua.”

Wanacheka kidogo. Marcelline anauachia waya, anakaa.

Majalada yake yamepangwa kwa jina la mtoto wa kwanza, ndivyo mtaa unavyowaita wamama. Anatafuta la Agnès: Mama Sifa. Kioo cha kompyuta kinaganda. Kinaganda tena, halafu Agnès anatokea, ametoa macho, pua yake nzima kabisa.

Marcelline hathubutu kungoja. Anatoa simu, anapiga picha ya kioo kwanza, ndipo anatuma kwenye printa. Karatasi inatoka polepole, nywele, paji, macho. Ikiisha tu, anang'oa waya.

Papa Apollinaire anaishika karatasi pembeni, isishike alama za vidole. “Pua iko sawa,” anasema, na anaondoka.

Marcelline anampigia Chrispin, anamwambia yote.

“Ilijizima ao ulizima?”

“Nilizima mimi.”

“Basi tungali na chance. Usiiguse.”

Zamani Marcelline alikuwa akisema disque ya akiba itasubiri. Leo anamwagiza Chrispin mbili. “Moja itakaa huku, ya pili nitaipeleka kwa dada yangu, mtaa wa Panzi,” anasema. “Moto ukikula hapa, sura zitakuwa kule.”

Mchana umeme unakatika, halafu unarudi. Mashine ya kusaga inanguruma. Kibandani hakuna tin. Marcelline anainua kichwa kwa mazoea, anaangalia mkoba wake, ambamo waya wa kompyuta umekunjwa, anaufunga zipu. Alhamisi ni keshokutwa.