Magoti Kumi na Moja

Jambo hili lote lilinigharimu mwaka mmoja na miezi mitano, kibanda kimoja sokoni, na magoti kumi na moja ambayo sikuyapiga. Fedha ilikwenda pia, lakini fedha nimeshaisamehe. Magoti nimeyahesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata kumi, kwa sababu niliiacha ile siku ya Pasaka nilipomkuta mama mkwe amelala. Mara ya pili nikaona si haki kujipunguzia mwenyewe, nikairudisha.

Chanzo chake ni shilingi mia mbili. Nilikuwa nauza maharage na dagaa wa Nyasa sokoni, hapa Songea mjini. Siku hiyo gunia langu la kilo hamsini lilishushwa barabarani, na mbeba mizigo akataka mia saba kulifikisha kibandani.

"Mia tano," nikamwambia. "Njia yenyewe tambarare."

"Basi mama, ibebe mwenyewe hiyo tambarare."

Nikaibeba. Niliinama, nikalikumbatia gunia, na katikati ya kuinuka kitu kikakatika kiunoni kama kamba iliyozidiwa. Yule bwana alikuwa ameegemea mkokoteni wake ananitazama, kwa hiyo kulitua njiani kusingewezekana. Nililifikisha. Nilipoketi, moto ulianzia kwenye tako la kushoto, ukashuka nyuma ya paja, ukapita pembeni mwa shavu la mguu, ukaenda kukaa kwenye kidole kidogo. Huko ukapanga nyumba.

Sasa lazima nieleze tabia moja ya kazi yetu, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Sokoni hatuonyeshi panapouma. Mteja akijua una mgonjwa nyumbani, au kodi ya kibanda imefika, hapo hapo bei inashuka. Ukiulizwa habari, unasema nzuri. Nimesema nzuri kwa miaka ishirini na miwili, mpaka nikawa naisema kabla sijaulizwa. Hivyo mguu ulipoanza kuwaka, nilisema nzuri. Nilisimama nikiuza kwa sababu kukaa kulikuwa kubaya zaidi, na wateja wakanisifu kwa uchangamfu.

Dawa nilitafuta kimyakimya. Duka la dawa la kwanza waliniambia ni figo. La pili wakasema ni baridi. Jirani mmoja akanikanda kwa maji ya moto na majani ambayo hakutaka kuyataja, mwingine akanishauri nilale juu ya ubao, nikalala juu ya ubao wiki tatu, nikaamka na maumivu ya mguu pamoja na ya ubao. Vidonge vilituliza kwa saa chache. Nilipoambiwa nimeze viwili, nilimeza kimoja, nikidhani na wao wametaja mara mbili ya kile wanachokitaka, kama sisi.

Mama mkwe wangu aliishi kijijini Mpitimbi. Mume wangu alifariki miaka sita kabla ya gunia lile, na baada ya arobaini ndugu zake wawili walikuja kuiangalia nyumba yetu hapa mjini, kuta na bati, kwa macho ambayo mfanyabiashara hawezi kuyakosea. Mama mkwe, aliyekuwa bado kwangu kwa ajili ya msiba, alitoka ndani akasimama mlangoni. "Nyumba ina mtu," akasema. "Nendeni mkale." Maneno yake yalikuwa hayo tu. Sijafukuzwa mpaka leo.

Kwetu mwanamke akimsalimia mkwe hupiga magoti. Nilipokuwa bibi harusi niliyapiga kwa kufuata desturi. Baada ya siku ile ya mlangoni niliyapiga kwa moyo, chini kabisa, na yeye alijua tofauti.

Mwezi mmoja baada ya gunia nilikwenda kumwona. Nyumbani nilikuwa nimejaribu kupiga magoti mara mbili. Kushuka niliweza, kwa kushika kitanda. Kuinuka kulinichukua muda ambao chungu cha maharage kingeanza kuchemka, na nilitambaa kwanza. Kutambaa mbele ya watu wa uani kwake sikuweza hata kuwaza. Nikafika, nikashika nguzo ya baraza, nikasema nimesimama, "Shikamoo mama."

Alitazama chini, pale magoti yangu yalipozoea kuwa, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Marahaba," akasema. "Na magoti umeyaacha mjini?"

Hapo ndipo ningesema. Mama, mguu unaniuma, siwezi. Maneno manne. Badala yake nikatoa ya sokoni: "Yamepanda bei, mama."

Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi wakacheka. Wifi yangu, binti yake anayeishi naye, naye akacheka. Yeye hakucheka. Akaingia ndani kunitafutia maji ya kunywa, na maji yenyewe akampa wifi aniletee.

Baada ya hapo nilikwenda mara kumi zaidi: misiba, mavuno, kipaimara cha mjukuu, Pasaka. Kila mara nikasimama. Kila mara, isipokuwa ile Pasaka nilipomkuta amelala, alinisalimia vizuri, kwa adabu, kama anavyosalimiwa mgeni. Nilijiambia nikisema naumwa, wale ndugu wawili watasikia, na mgonjwa hana sauti kwenye kupatana. Hilo lilikuwa kweli kwa nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilishazoea.

Kilichonitoa sokoni ni kandambili. Nilikuwa navuka kwenda kuchukua chenji, nikasikia mteja anapiga kelele, "Mama! Mama dagaa! Kiatu hicho!" Nikageuka. Kandambili ya kushoto ilikuwa imebaki hatua kama kumi nyuma yangu, na mguu wangu haukuwa umeniambia. Maumivu nilikuwa nimeyazoea, lakini mguu usiosema kitu uliniogopesha. Kibanda nikamwachia mwenzangu wa karanga, jirani yangu pale sokoni, kesho yake nikapanda gari kwenda hospitali ya misheni.

Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo, akaninyanyua mguu nikiwa nimelala, nikapiga ukelele ambao nadhani ulifika kwenye foleni. Picha zikapigwa. Akanieleza kwa kuchora kwenye karatasi: kati ya pingili za mgongo kuna vitu laini kama mito, mmoja wangu umetoka mahali pake, unaubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Haikuwa figo wala baridi, na hakuna aliyeniroga. Akasema ningekuja mapema ingekuwa rahisi. Sikubisha, na mimi kutobisha ni dalili ya ugonjwa.

Akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa umri wa mtoto wangu wa mwisho.

"Maumivu yako, mama, ukiyapa namba, kuanzia sifuri mpaka kumi?"

"Tatu."

Akanitazama. "Umeingia hapa umeshika ukuta."

"Basi weka nne."

"Mama, mimi sinunui."

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. "Tisa," nikasema, na sauti ikatoka vibaya, nikalia mbele ya mtoto wa watu huku nimeshika khanga mdomoni. Halafu akaandika tisa.

Akasema nitakuja mara kumi na mbili, kila wiki mara moja, na nyumbani nifanye mazoezi asubuhi na jioni.

"Nifanyie sita."

"Mshipa wako haujui kupatana, mama."

Nikaenda. Nililala kifudifudi nikanyanyua kifua kama mjusi anayeota jua. Nilifundishwa kukaa, kuinama na kugeuka kitandani, mambo niliyodhani nayajua tangu utotoni. Vidonge nilimeza viwili nilipoambiwa viwili. Wiki nne za kwanza sikuona kitu. Ya tano, moto ulihama kwenye kidole ukarudi kwenye shavu la mguu, na binti akafurahi kuliko mimi. Baada ya mara ya tisa nilitandika mkeka chumbani, nikashuka kwenye magoti yote mawili, nikahesabu mpaka ishirini, nikainuka kwa kushika kigoda. Nikarudia, kwa kuwa sijiamini kwenye hesabu ya mara moja.

Siku hiyo nilikuwa na simu mkononi. Wifi alikuwa anapatikana. Ningeweza kusema nipe mama, nikamweleza yote kwa dakika tano. Sikupiga. Nilijiambia zimebaki mara tatu. Nikimaliza, nitaingia uani kwake, nitapiga magoti bila kushika kitu na bila kusema neno, naye atajua mwenyewe. Nilitaka kumpelekea mzigo uliokamilika, siyo maelezo ya mzigo.

Wifi alinipigia yeye, siku mbili kabla ya mara ya kumi. Presha ilikuwa imempanda mama asubuhi. Kufika saa sita mchana alikuwa ametutoka.

Nilipofika walikuwa wameshamlaza ndani, amefunikwa shuka jeupe, wanawake wamekaa chini wamezunguka. Wakasogea wakanipa nafasi. Nikapiga magoti, yote mawili, bila kushika kitu. Nikasema, "Shikamoo mama." Nikasubiri kama mtu anavyosubiri kuitikiwa, nadhani muda mrefu, maana mmoja akanigusa bega. Kisha nikainuka mwenyewe. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwamba niliweza.

Siku ya tatu tulikuwa tunaosha masufuria, mimi na wifi. Akasema bila kunitazama, "Mama alikuwa akiuliza habari zako. Alisema, huyu mwenzenu mguu wa kushoto anauburuta, ana nini?"

Sufuria likanitoka. "Alisema lini?"

"Wakati wa mavuno."

"Mbona hakuniuliza mimi?"

"Alisema ukiona vema utasema mwenyewe. Si unamjua alivyokuwa."

Kwa hiyo alikuwa ameuona. Alikuwa anangoja nianze, na mimi nilikuwa nangoja nipone. Nililia nikashukuru, nikamshika wifi mikono ikiwa na sabuni.

Lakini mimi nahesabu mara mbili. Mwezi uliofuata nilimuuliza tena, kama kwa kupitisha maneno, akasema mama aliyatamka siku ya kipaimara. Mavuno na kipaimara vilipishana zaidi ya mwezi mmoja. Labda alisema mara mbili. Labda wifi amesahau. Au labda hakuna aliyesema kitu, na wifi, ambaye hata akipima maharage ya kuuza huongeza konzi moja juu, alinionea huruma akaniongezea. Sijamuuliza mara ya tatu. Hii ndiyo hesabu pekee niliyoiacha bila kuimaliza.

Zile mara tatu zilizobaki nilikwenda zote. Mguu sasa ni mbili katika kumi, na hiyo mbili ni ya kweli, sijaipunguza. Mbeba mizigo nikimkuta namlipa anachotaja. Kibandani kwangu yupo mwenzangu wa karanga, na kwa sasa nauzia nyumbani, kidogo kidogo, nikiwa nimekaa kama nilivyofundishwa.

Lililobaki ni magoti, na hapa naomba ushauri kwa yeyote anayezijua desturi zetu kuliko mimi. Nimekwenda kaburini mara mbili, nimeyapiga, lakini sijui kama yanahesabika pale ambapo hakuna wa kuyapokea. Wengine wananiambia nimpigie wifi magoti hayo, kwa kuwa ndiye mama wa nyumba ile sasa. Nilipojaribu alinishika mabega akaninyanyua, akisema nisimzeeshe, yeye ni mdogo kwangu kwa miaka minne. Je, niendelee kaburini mpaka yatimie, au nimlazimishe wifi ayapokee? Na ile siku ya Pasaka, ambapo mama alikuwa amelala na mimi nikasimama mlangoni nikamtazama nikaondoka, naomba mniambie kama ni deni au siyo. Mkisema kumi na moja, nitalipa kumi na moja. Safari hii sitaomba kupunguziwa.