Madigadi ya Mwalimu Mwenzangu

Siku ya tatu ya safari yetu ya baiskeli tuliamkia Lalago, mvua ikiwa imeshaanza. Tulikuwa walimu wawili wastaafu, tumetoka Bariadi hadi Shinyanga kwa kukanyaga pedali wenyewe, na sasa tulikuwa tunarudi. Wazo lilikuwa la mwenzangu. Mke wangu alipofariki nilijifungia ndani miezi mingi, kifua kikaharibika, na yeye ndiye aliyekuja kunitoa. Aliweka sharti moja tu, akalirudia mpaka likanichosha: hakuna kupanda gari, hata kwa hatua kumi. Tumetoka pamoja, tutafika pamoja. Nilimwamini kuliko nilivyowaamini madaktari.

Haikupita saa moja, meno yangu yakawa yanagongana kwa baridi. Mwenzangu ana miguu ya kijana, akasema atangulie hadi Sapiwi, kwenye kibanda tulichokunywa chai wakati wa kwenda, ili nikute kikombe cha moto. Sikuona ubaya.

Ndipo nikaingia kwenye mbuga. Anayeujua udongo wetu mweusi anajua unavyokuwa ukilowa: unanata kwenye tairi, unajaa chini ya madigadi, na gurudumu linagoma kabisa. Hapo hakuna ujanja. Unachukua spana, unayafungua madigadi, unayafunga nyuma kwenye keria, ndipo unasogea. Nilifanya hivyo vidole vikiwa vimekufa ganzi, huku nikimwonea huruma yeye, kwamba huko mbele naye ameinama kwenye tope na spana yake. Mjinga mimi.

Nilikuwa sijaenda mbali pikapu iliyobeba magunia ya mbegu za pamba ikasimama kando yangu. Dereva, mwanamume mwenye kofia ya sufu, akashusha kioo.

"Mwangaluka, guku. Pakia baiskeli, upande. Baridi hii itakuua."

Kuitwa guku, yaani babu, na mtu mwenye ndevu zake kulinikera, lakini mwili wote ulitaka kupanda. Kifua kilikuwa kimeshaanza kupiga filimbi. Nikamwambia siwezi, mwenzangu yuko mbele anakanyaga, na nikimpita nimekaa kwenye gari sitaweza tena kumtazama usoni. Alinikodolea macho kidogo, akaondoka.

Kuanzia hapo nilisukuma zaidi ya kuendesha. Kila nilipotaka kukaa chini nikohoe vizuri, niliwaza kwamba yeye hajakaa.

Nilifika Sapiwi saa kumi na moja jioni. Alikuwa ndani ya kibanda, shati kavu, akimsimulia mama wa chai jinsi tope lilivyomtesa. Mama akanipa pole, akanivutia kigoda karibu na jiko. Baiskeli ya mwenzangu ilikuwa imeegemezwa ukutani. Madigadi yote mawili yalikuwa mahali pake, na chini yake hapakuwa na tope hata la kujaza kijiko.

Niliuliza kwa sauti ya chini, mama asisikie. Bado nilikuwa namsitiri, nikajishangaa.

"Mwalimu, ulipanda ile pikapu?"

Hakukana. Alisema mwanzo wa mbuga aliuvuka kabla udongo haujalowa, kisha goti lilikaza, mvua ilizidi, na nafasi ilikuwepo. Hayo yote ningeyasamehe. Mtu akishindwa, ameshindwa. Lakini dereva yule alitoka kwangu ndipo akamkuta yeye.

"Hakukwambia kwa nini mimi nilikataa?"

Akazungusha kikombe chake mezani. "Aliniambia."

"Kabla hujapanda, au baada?"

"Kabla."

Niliumia. Hata siku ya msiba wangu sikujiona mpweke kama nilivyojiona pale, mtu huyo akiwa amekaa mbele yangu.

Mama akaleta chai. Akasema mwenzangu alikuwa ameniagizia tangu saa saba, naye mama ameshaipasha moto mara tatu. Nilitaka kuikataa, lakini nilikuwa natetemeka mno, nikainywa yote. Kisha nikaichukua baiskeli yangu. Kipande cha changarawe kilichobaki hadi Bariadi nilikiendesha kwenye mvua bila kugeuka, na yeye alinifuata kwa nyuma na madigadi yake, bila kuthubutu kunipita.